Waya, Wi-Fi au nyaya za umeme: gemu za wingu zifike vipi kwenye TV

"Kaka, nimelipia Mbps 300, Netflix haikwami hata kidogo, mbona nikiwasha gemu picha inaganda?" Swali hili nimeulizwa na ndugu na marafiki walioko Uingereza mpaka nimeona bora nilijibu mara moja kwa kirefu. Wengi wao ni wapangaji. Ruta iko karibu na mlango wa mbele, pale fundi alipoingizia laini, TV iko sebuleni upande wa pili au ghorofani, na katikati kuna ukuta wa tofali, pengine miwili. Wanaocheza kutoka Dar, Mombasa au Nairobi wana tatizo jingine juu ya hilo, ambalo hakuna kifaa dukani kitakacholiondoa. Hao nitawafikia.

Filamu hupakuliwa mapema. Ukiwa unatazama dakika ya kumi, TV imeshaweka akiba ya kipande kinachofuata, kwa hiyo mtandao ukikatika sekunde mbili wewe hata hujui. Gemu ya wingu, yaani inayochezeshwa na seva ya mbali huku picha ikiletwa kwako kwa intaneti, haina akiba hiyo. Seva haiwezi kukuandalia picha ya sekunde ijayo wakati wewe mwenyewe hujaamua utabonyeza nini. Ukicheza kwa fremu 60 kwa sekunde, kila picha ina takriban milisekunde 17 tu za zamu yake. Ikichelewa inatupwa, na wewe unaona mchezaji karuka kutoka hapa hadi pale.

Ndiyo maana ukubwa wa kifurushi si hoja kubwa. GeForce NOW, huduma ya gemu za wingu ya NVIDIA, wanataka Mbps 25 kwa picha ya 1080p yenye fremu 60, na Mbps 45 kwa 4K. PlayStation Plus Premium, ya Sony, wanataja Mbps 13 kwa 1080p na 38 kwa 4K. Mwenye Mbps 300 ana ziada ya kutosha nyumba nzima. Namba inayouma ni nyingine: GeForce NOW hao hao wanataka pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda hadi kwenye seva yao na kurudi, iwe chini ya milisekunde 80, na wanashauri iwe chini ya 40. Hata hiyo 40 haitoshi kama inayumba. Pingi ya 35 iliyotulia inachezeka kuliko ya 15 ambayo kila baada ya muda inaruka hadi 200.

## Mchawi yuko ndani au nje?

Kabla hujatoa pesa, chukua laptopu, iweke karibu na TV na iunganishe kwenye Wi-Fi ile ile ambayo TV inatumia. Fungua madirisha mawili ya amri (Command Prompt kwenye Windows). Kwenye la kwanza pingi ruta yako (andika ping, acha nafasi, kisha anwani), ambayo anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kwenye la pili pingi 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Kama ni Windows, ongeza -t mwishoni ili isikome baada ya mara nne. Halafu acha nyumba iishi kama kawaida: mtoto na YouTube yake, mama anaongea na Zanzibar kwa video, simu zinapandisha picha zake.

Angalia namba zinavyotembea. Ruta ikijibu 2, 3, 2, 4, kisha ghafla 180, tatizo liko hewani, ndani ya nyumba yako, na kubadili kampuni ya intaneti hakutakusaidia kitu. Ruta ikijibu 2 muda wote lakini 8.8.8.8 inapanda kutoka 15 hadi 300 kila mtu anapotuma video, hapo ni foleni ya laini yako, na waya mpya hautaitibu. Zote mbili zikitulia na bado unahisi pedi ya kuchezea inachelewa, itazame TV yenyewe, au umbali wa seva.

Hivi ndivyo njia za kutoka kwenye ruta hadi kwenye TV zinavyosimama zikiwekwa pamoja. Namba ni za kukadiria kwa nyumba ya kawaida.

| Njia | Pingi hadi kwenye ruta | Usumbufu | Pa kuitumia |
|---|---|---|---|
| Waya wa mtandao | Chini ya ms 1, haiyumbi | Kupitisha waya | Popote unapoweza kuufikisha |
| Koaksi (waya wa duara wa televisheni) yenye adapta za MoCA | ms 3–5, imetulia | Adapta mbili, bei yake kubwa | Nyumba yenye koaksi vyumbani, isiyotumiwa na dishi |
| Wi-Fi ya GHz 5, chumba kimoja na ruta | ms 2–5, miruko michache | Hakuna | TV ikiwa inaonana na ruta |
| Adapta za nyaya za umeme | ms 3–10, ikitegemea soketi | Ndogo | Kuta nene, waya haupiti |
| Mesh (vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyoshirikiana), isiyo na waya kati ya vituo | Inabadilika kwa kila kituo | Bei | Nyumba kubwa yenye watu wengi |
| Wi-Fi ya GHz 2.4 | Yoyote ile. Kuruka zaidi ya 100 ni kawaida | Hakuna | Dharura |

## Waya kwanza, mengine baadaye

Msimamo wangu ni kwamba mtu asinunue chochote cha zaidi ya pauni 20 kabla hajajaribu waya. Hata waya wa kuazima uliolala katikati ya sebule kwa jioni moja unatosha kukuonyesha kama tatizo ni Wi-Fi. Gemu ikitulia, umepata jibu. Isipotulia, umejiokoa na mesh ya pauni 150.

Mpangaji huwa ananiambia, "Mwenye nyumba hataki nitoboe." Hakuna haja ya kutoboa. Kuna nyaya bapa za Cat 6, nyembamba kama utepe, zinazopita kwenye mwanya kati ya zulia na ubao wa chini ya ukuta. Unaanzia nyuma ya ruta, unausukuma ule waya kwa ncha ya kijiko mpaka ujifiche, unaupitisha chini ya mlango mahali ambapo zulia linakutana na zulia jingine, na kwenye ngazi unaufuata ukingo wa ukuta. Mita 15 hadi 20 ni kazi ya mchana mmoja, na siku ya kuhama unauvuta wote unaondoka nao. Kwenye kona usiukunje kwa ukali, upe mzunguko kidogo. Na usiupitishe pale ambapo mlango unaubana kila unapofungwa.

Waya wa kawaida wa Cat 5e unabeba gigabiti moja hadi mita 100, kwa hiyo Cat 7 na Cat 8 zinazouzwa kwa mbwembwe ni pesa ya bure kwa kazi hii. Cha kuangalia ni madini ya ndani. Nyaya nyingi za bei chee ni alumini iliyopakwa shaba na hutambulishwa kwa herufi CCA. Hukatika kirahisi zikikunjwa na hupoteza nguvu safari ikiwa ndefu. Kariakoo na River Road zimejaa, na ukinunua boksi zima bila kukata ncha na kuikwangua, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Alumini ukiikwangua inang'aa nyeupe.

Afrika Mashariki waya una faida ambayo Uingereza haipo: dari. Nyumba ya chini yenye bati na dari ya jipsamu au mbao inamruhusu fundi kupandisha waya kwenye kona moja na kuushusha kwenye kona nyingine bila kugusa ukuta wa katikati. Mwambie tu aupitishe ndani ya bomba la plastiki. Panya wa darini hawana habari na pingi yako.

Kitu kimoja huwashtua watu wakishachomeka. Wanafungua kipima kasi kwenye TV, wanakuta Mbps 94, wakati Wi-Fi ilikuwa ikionyesha 250. Wanachomoa waya kwa hasira. TV nyingi sana, hata za bei ya juu, zimewekewa tundu la mtandao la Mbps 100 tu. Kwa gemu za wingu hilo si tatizo hata kidogo, maana hata 4K huduma inataka Mbps 45 tu. Ulichonunua ni utulivu. Kasi ya 250 ya Wi-Fi ilikuwa wastani tu, na wastani huficha ile miruko iliyokuwa ikikuua kwenye gemu.

## Wi-Fi, ikibidi

Kama waya hauwezekani, ugomvi ni kati ya masafa mawili ya ruta, GHz 5 na GHz 2.4, na kwa gemu si ugomvi wa kweli. GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na kwenye jengo la flati 40 ruta zote za majirani zinagombania hizo tatu. Maikrowevu ya jikoni iko kwenye masafa hayo hayo. Bluetooth pia, na hapa pana mtego ambao watu hawaushtukii: TV ikiwa kwenye Wi-Fi ya GHz 2.4 na pedi imeunganishwa kwa Bluetooth, viwili hivyo vinapigania hewa ile ile. Unaona picha safi lakini vitufe vinachelewa au kitufe kimoja kinabonyezwa mara mbili. Hamishia TV GHz 5, au chomeka pedi kwa USB, na tatizo linaondoka siku hiyo hiyo.

GHz 5 ina nafasi nyingi ila haipendi kuta. Kuta mbili za tofali za Uingereza zinaipunguza sana, na ukuta wa tofali za saruji wenye plasta pande zote mbili, wa aina tunayojenga kwetu, unaweza kuimaliza. Ruta nyingi hutoa masafa yote mawili kwa jina moja na kuiachia TV ichague, na TV huchagua vibaya: ishara ya GHz 5 ikidhoofika kidogo inakimbilia 2.4 na haikwambii. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, yape masafa mawili majina tofauti, na TV ipe lile la GHz 5 peke yake.

Uwekaji wa ruta una maana kuliko antena zake. Iweke juu, wazi, isiwe ndani ya kabati wala nyuma ya TV. Antena ya TV iko nyuma yake na paneli yenyewe ina bamba la chuma, kwa hiyo ruta iliyo mbele ya TV, upande wa makochi, mara nyingi haiipati vizuri kama unavyodhani. Kuisogeza mita moja pembeni kunaweza kubadilisha mambo yote.

Kuhusu chaneli za GHz 5: ukiona mchezo unakatika kabisa, mara moja kwa jioni, kisha unarudi baada ya dakika moja hivi, angalia ruta iko chaneli gani. Kuanzia 52 hadi 144, Ulaya na kwingineko, ruta inalazimika kusikiliza rada na kuondoka ikidhani imeisikia, na kabla ya kukaa kwenye chaneli mpya ya aina hiyo husikiliza angalau sekunde 60 kwanza. Wakazi wa karibu na viwanja vya ndege na bandari hukutana na hali hii zaidi. Ifunge kwenye 36, 40, 44 au 48 na hutaona tena.

Ruta na TV mpya zenye masafa ya GHz 6 ni nzuri sana kama viko chumba kimoja, kwa sababu majirani wachache wako huko. Kuta zinaiumiza kuliko GHz 5. Na kama ruta iko chumba kimoja na TV, si uchomeke waya tu?

## Nyaya za umeme dhidi ya koaksi

Hapa ndipo watu hupotezea pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Adapta zinazoandikwa powerline huuzwa mbili mbili. Moja unaichomeka kwenye soketi karibu na ruta, nyingine karibu na TV, na intaneti inapita ndani ya nyaya za umeme za nyumba. Kwenye boksi utasoma Mbps 1000 au 2000. Sahau. Nyumba ya kawaida inapata sehemu ndogo ya hiyo, na kwa gemu inatosha, ilimradi iwe imetulia. Utulivu huo unategemea soketi. Ukiichomeka kwenye ekstensheni, hasa yenye kinga ya umeme, kinga inachuja ishara na kuitupa. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Vivyo hivyo kwa stabilaiza tunazofungia friji na TV nyumbani: adapta ipate soketi yake, isipite humo.

Maadui wengine ni chaja za bei rahisi, taa za LED zenye vipunguza mwanga, na mota za friji au mashine ya kufulia. Ukikuta gemu inayumba kila friji inaponguruma, umempata. Hamisha chaja hizo mbali na adapta, jaribu soketi nyingine ya chumba hicho hicho. Tofauti kati ya soketi mbili zinazotazamana inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya adapta ya pauni 30 na ya pauni 60. Nunua mahali wanaporudisha pesa kifaa kisipofaa. Siwezi kumwahidi mtu kuwa itafanya kazi kwake bila kuijaribu.

Wanaotaka kupeleka adapta hizi nyumbani kutoka Uingereza wana bahati, kwa sababu Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia plagi ile ile ya miguu mitatu ya mraba na umeme wa aina ile ile. Nyumba yenye umeme wa fezi tatu ndiyo yenye kasoro: soketi ya ruta ikiwa fezi moja na ya TV fezi nyingine, ishara inaweza kufika dhaifu au isifike. Na bonyeza kitufe cha kuoanisha siku ya kwanza, ili adapta zako zitumie ufunguo wao wenyewe wa siri, hasa kama mnagawana mita na wapangaji wengine.

Koaksi ni habari nyingine kabisa, na ni njia ambayo watu hawaijui. Adapta za MoCA hupitisha mtandao kwenye ule waya mnene wa duara wa televisheni. Toleo la 2.5 linafika gigabiti 2.5 kwa karatasi, kuchelewa kwake ni milisekunde chache, na haibughudhiwi na friji wala jirani. Kwa ndugu walioko Marekani na Kanada, ambako nyumba nyingi zina tundu la koaksi karibu kila chumba kwa ajili ya kebo TV, ningewaambia waipite powerline kabisa waende huko. Bei yake ni ya juu, hiyo ni kweli.

Lakini usifikirie kuiweka kwenye waya wa dishi. Dishi hushusha ishara yake kwa masafa ya MHz 950 hadi 2150, na MoCA ya kawaida hutumia 1125 hadi 1675. Zinagongana katikati. Waya unaotoka kwenye dishi hadi kwenye king'amuzi cha DStv au Azam unaachwa kwa kazi yake. Ukiwa na koaksi ya zamani isiyotumika, hiyo ndiyo ya kuichukua.

## Mesh na repita

Repita ya bei rahisi inapokea na kutuma kwa redio ile ile, kwa hiyo kila kitu kinasemwa mara mbili hewani na kasi inapungua nusu. Kwa gemu siishauri. Mesh yenye redio ya tatu kwa ajili ya kuongea na kituo kikuu ni bora, na mesh ambayo vituo vyake vimeunganishwa kwa waya ni bora zaidi. Kama unaweza kupitisha waya hadi kwenye kituo cha mesh kilicho nyuma ya TV, chomeka na TV kwenye kituo hicho hicho. Vingi vina tundu mgongoni.

## Kulipia kasi zaidi, au kupanga foleni?

Turudi kwa yule ambaye ruta yake inajibu vizuri lakini 8.8.8.8 inaruka. Kifurushi kikubwa ndicho kitu cha kwanza anachofikiria. Mara nyingi hakimsaidii, kwa sababu kinachojaa ni upande wa kupandisha, na hapo vifurushi vingi ni vidogo. Simu moja ikianza kupeleka video za harusi kwenye hifadhi ya Google, ruta inazipanga pakiti zote kwenye foleni ndefu, na bonyezo la pedi yako linasimama nyuma ya harusi nzima.

Dawa ni ruta inayojua kugawa zamu. Kwenye mipangilio hutajwa kama SQM au Smart Queue, na kanuni zinazofanya kazi hiyo huitwa fq_codel na CAKE. Unaipa kasi yako, kisha unaipunguza kidogo, asilimia 85 hadi 90 ya ulichopima, ili foleni ijengeke ndani ya ruta yako unayoimiliki na si ndani ya modemu ambayo huwezi kuigusa. Unapoteza kasi kidogo, unapata pingi ambayo haitikisiki hata nyumba yote ikiwa mtandaoni. Ruta za bure zinazotolewa na kampuni za intaneti mara nyingi hazina kitu hiki. Ruta ya kawaida inayokubali OpenWrt, yaani mfumo mbadala wa kuendeshea ruta, inacho, na OpenWrt ni bure.

Kama huwezi kubadilisha ruta, zima upandishaji wa picha wa simu zote mpaka usiku. Haina raha lakini inafanya kazi.

Kwa aina ya laini: faiba hutulia zaidi. Starlink inachezeka kwa wengi Ulaya, ila mfumo wake hupanga upya setilaiti kila sekunde 15 na kwenye pingi inaonekana kama vijiruko vidogo vya mara kwa mara. Gemu za mpira utazivumilia, za kupigana utalalamika. Ruta ya laini ya simu, 4G au 5G, inategemea mnara na watu walioko juu yake saa hiyo; iweke dirishani, na ucheze usiku wa manane.

## TV yenyewe

TV nyingi huchezea picha ili ipendeze, na kuipendezesha huko huchukua muda, wakati mwingine zaidi ya milisekunde 100 nje ya hali ya gemu (Game Mode). Washa hali ya gemu kabla hujalaumu mtandao. Kwenye programu iliyo ndani ya TV huwa haijiwashi yenyewe kila mara kama inavyofanya kwa mashine iliyochomekwa HDMI.

Programu ya ndani ya TV au kijiti cha nje? Samsung na LG za miaka ya karibuni zina programu hizo ndani. Kama TV ni ya zamani au nzito, kiboksi cha nje ni bora. Nikichagua ningechukua chenye tundu la mtandao, kama Google TV Streamer ya 2024 au NVIDIA Shield, kuliko kijiti kinachohitaji adapta ya pembeni kupata waya. Vijiti vya Fire TV vinakubali adapta hiyo, ila nayo ni ya Mbps 100. Inatosha.

## Kwa walioko nyumbani: umbali

Sasa Dar, Mombasa, Nairobi. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi, hata kama ungevuta waya ulionyooka bila kituo hata kimoja, ni milisekunde 68. Kebo za baharini hazinyooki. Zinashuka Mombasa au Dar, zinazunguka pembe ya Afrika, zinapita Bahari ya Shamu, zinatokea Marseille. Pingi halisi ya kwenda Ulaya kwa kawaida hupita 120. Huduma kubwa za gemu za wingu hazijaweka seva zake Afrika Mashariki, kwa hiyo anayejiunga kwa akaunti ya nchi nyingine anacheza na umbali huo kila anapobonyeza. Gemu za zamu na za hadithi zinavumilika. Mpira dhidi ya mtu wa mtandaoni ni mateso. Na kuna bando: Mbps 25 kwa saa nzima ni GB 11 na zaidi.

Kwa hiyo kwa hao ningelinganisha tofauti: seva ya mbali dhidi ya seva yako mwenyewe. Kama nyumbani kuna kompyuta yenye kadi ya picha nzuri, au PlayStation ambayo iko chumba kingine, iache huko ifanye kazi na TV ya sebuleni ipokee picha. Kwa kompyuta weka Sunshine, programu inayotuma picha, na kwenye TV ya Android au kiboksi weka Moonlight, inayoipokea. Vyote ni bure. Steam Link ni rahisi zaidi kuanzia kama gemu zako ulizinunua kwenye duka la Steam. PlayStation 4 na 5 zina Remote Play, inayopatikana kwenye TV za Android, ila hiyo inataka uingie kwenye akaunti yako mtandaoni.

Katika mpango huu kila nilichosema juu ya waya kina uzito mara mbili, kwa sababu kompyuta ikiwa kwenye Wi-Fi na TV ikiwa kwenye Wi-Fi, kila picha inapita hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta na kutoka. Kama una waya mmoja tu, mpe kompyuta. TV ibaki GHz 5 kwanza. Ukipata wa pili, swichi ndogo ya matundu matano inaunganisha vyote pamoja na ruta, na hapo kuchelewa kwa mtandao ni chini ya milisekunde moja, kitu ambacho hata anayeishi karibu na seva ya London hakipati. Anza Moonlight kwa Mbps 20 kwa picha ya 1080p, panda taratibu. Ukivuka 80 kwenye TV yenye tundu la Mbps 100, itaanza kukwama. Na kwa kuwa picha haitoki nje ya nyumba, gemu isiyohitaji mtandao inaendelea hata bando likiisha katikati ya mechi.